Rais mmoja, vyombo vitatu: mwongozo kamili wa kupima upande wa chombo cha habari

Zoezi hili nimewapa vijana wa mdahalo hapa Mtwara mjini mara nne, na mara zote nne limenirudia likiwa na makosa yaleyale. Mmoja analeta kichwa cha habari cha leo anakilinganisha na makala ya wiki iliyopita. Mwingine ana klipu ya sekunde 40 aliyoitoa kwenye grupu la WhatsApp, anaiita hotuba. Wa tatu hakulinganisha chochote: kaandika kwamba gazeti hili "la chama" na lile "la wapinzani", kafunga daftari, kaenda zake ufukweni. Basi safari hii naandika kila hatua na sababu yake.

Kazi yenyewe ni kuchukua jambo moja alilofanya rais, kuona vyombo vitatu vyenye mielekeo tofauti vimeliandikaje, kisha kuweka kidole pale tofauti ilipo. Ukibaki na "nahisi wanampendelea", hujafanya kitu.

Mfano wangu mkuu ni wa nyumbani. Tarehe 12 Novemba 2018, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazisomba, baada ya wakulima kukataa bei za mnadani. Kuanzia Tandahimba mpaka Nachingwea hakuna asiyelikumbuka. Mahali pengine nitavuka bahari kwenda Marekani, kwa sababu kule vyombo vimegawana marais kama watu wanavyogawana Simba na Yanga.

## Vitu vya kuandaa

- Vyombo vitatu: kimoja cha serikali au cha chama (kwa mfano Habari Leo, TBC au Uhuru), kimoja cha mtu binafsi (Mwananchi, Nipashe, ITV), na kimoja cha nje kinachotumia Kiswahili (BBC au DW).
- Hotuba au tamko lenyewe, kamili, kwa video au kwa maandishi.
- Daftari, rula, na kalamu za rangi tatu.
- Bando la kutosha. Video ya hotuba ya saa nzima inakula bando, tafuta sehemu yenye Wi-Fi.
- Mtu mmoja ambaye kura yake haifanani na yako. Huyu wengi humruka. Usimruke.

Tukio likiwa la zamani, anza na tovuti za magazeti yenyewe, halafu jaribu maktaba. Picha ya ukurasa wa mbele iliyozunguka kwenye simu usiipokee mpaka uikute kwa mwenye gazeti. Kurasa za kughushi zipo nyingi, na nembo ya gazeti huibwa kwa dakika tano.

## Hatua ya 1: Chagua tukio moja la siku moja

"Vyombo vinavyomwandika rais" ni bahari, hutaifikia ng'ambo yake. Chagua tangazo moja, uteuzi mmoja, ziara moja, kisha kusanya habari za siku hiyo na ya pili yake tu.

Sababu ni kwamba habari hubadilika kadiri saa zinavyokwenda. Gazeti lililoandika jioni ya tarehe 12 halikuwa na majibu ya wanunuzi. Lililoandika tarehe 15 lilikuwa nayo. Ukiyaweka pamoja utadhani moja limeficha, kumbe halikuwahi.

Umefaulu kama unaweza kulitaja tukio kwa sentensi moja yenye nani, nini, wapi, lini.

## Hatua ya 2: Sikiliza mwenyewe kabla hujasoma mtu

Fungua hotuba kamili. Ikulu huweka hotuba za rais mtandaoni, na maneno ya bungeni yamo kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge. Sikiliza mwanzo hadi mwisho, kisha andika mambo matano hadi saba ambayo hata mke mbishi wa jirani hawezi kuyabisha. Kwa korosho orodha yangu ilikuwa hivi: bei ni 3,300, mnunuzi ni serikali, msombaji ni jeshi, mawaziri wa kilimo na wa biashara walikuwa wameondolewa siku mbili kabla, wanunuzi binafsi wamewekwa kando.

Orodha hii ndiyo rula yako. Bila hiyo utalinganisha gazeti na gazeti, na kama yote matatu yameacha jambo lilelile hutajua.

Onyo: usiandike "rais aliwasaidia wakulima" wala "rais aliharibu soko". Hayo tayari ni maoni, na umeyaingiza kabla hata gazeti halijafunguliwa.

## Hatua ya 3: Mjue mwenye chombo, halafu usimhukumu kwanza

Kwa kila chombo andika mambo matatu: nani anakimiliki, kinapata fedha wapi, na nani anaweza kukifunga. Uhuru ni la CCM. Habari Leo ni la kampuni ya serikali, TSN. Nipashe ni la kundi la IPP. BBC na DW nazo zina wenyewe: idhaa za BBC za ng'ambo na DW huendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa fedha za umma wa nchi zao, kwa hiyo usizifanye hakimu asiye na kwao.

Swali la nani anaweza kufunga lisikupite. Mwananchi, MwanaHalisi, Mawio, Mseto, Tanzania Daima, yote yamewahi kufungiwa au kunyang'anywa leseni kwa nyakati tofauti. Manne ya mwisho yaliruhusiwa kurudi Februari 2022. Mhariri anayejua hilo huandika akiwa na jicho moja mlangoni. Na serikali ni mtangazaji mkubwa: zabuni, nafasi za kazi, salamu za pongezi. Kwa hiyo gazeti binafsi likimwandika rais vizuri, huenda ni mapenzi, huenda ni woga, huenda ni bili ya karatasi. Karatasi yako haiwezi kujua ni lipi. Andika kilichoonekana tu.

Na umiliki haukupi jibu la mwisho. Agosti 2021 Uhuru liliandika ukurasa wa mbele kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hana wazo la kugombea 2025. Chama chenyewe kikasema hakusema hivyo, kikawasimamisha wakubwa wa gazeti, na serikali ikalifungia siku 14. Gazeti la chama, mwenyekiti wa chama, na bado likaangukia pua! Kila kijana anaponiambia "hilo la chama, sina haja ya kulisoma", namrudisha hapo.

## Hatua ya 4: Tenganisha habari na maoni kwa rangi

Hapa ndipo wengi mnapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua kalamu ya kwanza, weka alama kwenye kila habari: ripota kaenda, kaona, kaandika. Kalamu ya pili ni ya maoni: tahariri, safu, makala ya mchambuzi, katuni. Ya tatu ni ya tangazo, pamoja na zile kurasa nzima za pongezi zenye picha ya rais na nembo ya shirika, ambazo ukisoma harakaharaka utadhani gazeti ndilo linalosema. Baada ya hapo linganisha rangi kwa rangi. Habari na habari. Tahariri na tahariri. Ukichukua safu ya mwandishi mkali wa gazeti moja ukaipambanisha na habari ya kawaida ya jingine, umepima embe kwa pishi ya mchele.

Redioni na kwenye runinga mpaka huu hauonekani kwa macho. Mtangazaji wa asubuhi anayesoma vichwa vya magazeti huwa anachomeka maneno yake katikati. "Magazeti yanasema... na kwa kweli mheshimiwa kafanya jambo." Nusu ya kwanza ni gazeti, nusu ya pili ni yeye. Ukisikiliza redio za huku kwetu, iwe Jamii FM ya Naliendele au Mashujaa FM ya Lindi, fanya hivyohivyo: andika dakika, andika ni nani anasema, ripota au mwenye kipindi.

Marekani wanatufundisha vizuri jambo hili. Fox News, iliyoanzishwa na Rupert Murdoch mwaka 1996, inajulikana kuegemea chama cha Republican. Lakini usiku wa uchaguzi wa Novemba 3, 2020, ni dawati la hesabu la Fox lililotangulia kusema Joe Biden kashinda Arizona, na wafuasi wa Donald Trump wakaikasirikia televisheni "yao". Wiki zilizofuata, kwenye baadhi ya vipindi vya kituo kilekile, madai kwamba mashine za kura ziliiba ushindi yalipewa nafasi. Kampuni ya mashine hizo, Dominion, ikashitaki, na Aprili 2023 Fox ikakubali kulipa dola milioni 787.5. Mtu atakayeandika "Fox ilisema hivi kuhusu 2020" bila kutaja ni dawati la matokeo au kipindi cha maoni, hajasema lolote.

Umefaulu kama ukurasa wako una rangi tatu na hakuna mstari usio na rangi.

## Hatua ya 5: Chambua kichwa, kitenzi na jina

Vichwa vitatu hivi nimevitunga mwenyewe kwa ajili ya somo, usivitafute:

1. *Kilio cha wakulima chasikika, JPM amwaga neema ya 3,300*
2. *Serikali kununua korosho kwa 3,300, jeshi kusomba*
3. *Jeshi laingia kwenye korosho, wanunuzi watupwa nje*

Vyote vitatu ni kweli ukivipima kwa ile orodha ya hatua ya 2, kasoro "neema", ambayo haikuwemo. Tofauti iko kwa mtendaji. Cha kwanza mtendaji ni rais, tena kwa herufi tatu za mapenzi. Cha pili ni serikali. Cha tatu ni jeshi, na rais hayumo kabisa. Ukikuta chombo ambacho neema hutoka kwa rais na shida hutoka kwa "serikali", "watendaji" au "baadhi ya maofisa", umeshika uzi. Fuatilia kama kinafanya hivyo kila mara.

Kiswahili kinampa mhariri pa kujificha pengi. Tazama ngazi hizi tatu za jambo moja:

- *Serikali yachelewesha malipo ya korosho.* Mtendaji yuko wazi.
- *Wakulima wacheleweshewa malipo.* Yupo, lakini hatajwi.
- *Malipo ya korosho yachelewa.* Malipo yamechelewa yenyewe, kama basi lililopata pancha.

Chora mstari chini ya kila kitenzi na uandike pembeni namba 1, 2 au 3. Halafu angalia habari njema zimepewa namba gani na habari mbaya namba gani.

Kisha vitenzi vya kusema. Hapa ndipo penye utamu. Katika magazeti yetu mkubwa *hubainisha*, *hufafanua*, *husisitiza*. Mpinzani *hudai*. Mkulima *hulalamika*. "Alibainisha" inamwambia msomaji kwamba jambo lilikuwa kweli tangu zamani, huyu kaliweka nje tu. "Alidai" inamwambia asubiri kwanza. Hesabu: rais kapewa "alibainisha" mara ngapi na "alidai" mara ngapi, na aliyempinga kapewa ngapi. "Alisema" usiihesabu, hiyo haina upande.

Na majina. Mheshimiwa Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan, Rais Samia, Mama Samia, Samia: mtu mmoja, na kila jina lina adabu yake na umbali wake. Onyo kwa walio wepesi: kwetu kumwita mtu mama au mzee ni heshima ya kawaida, haitoshi peke yake kuthibitisha upendeleo. Inakuwa ushahidi pale ambapo chombo kinampa rais cheo kizima kila aya na mpinzani wake kinamwacha na jina la pili tupu.

Picha nitaipita haraka: nani yuko katikati, anatazama wapi, na kuna mkulima ndani yake au hakuna.

## Hatua ya 6: Hesabu waliopewa kusema

Ningelazimishwa kufuta hatua zote nikabaki na moja, ningebaki na hii. Maneno ya sifa na ya kejeli kila mtu anayaona, hata mhariri mwenyewe anayaona na kuyapunguza. Asichokiona kirahisi, na msomaji pia hakioni, ni nani hakuulizwa.

Chora jedwali la safu nne: msemaji, yuko upande gani wa jambo, mistari mingapi, kaingia aya ya ngapi. Jaza kwa kila habari. Kwa korosho ya 2018 wahusika unaowatafuta ni hawa: rais, mawaziri wapya, bodi ya korosho, viongozi wa vyama vikuu vya ushirika kama TANECU na MAMCU, kiongozi wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) ya kijijini, mkulima mwenye gunia mbili, mkulima mwenye tani, mnunuzi wa mnadani, mchumi, mbunge wa huku, mwanasiasa wa upinzani, mbeba mizigo wa ghalani. Na kangomba.

Kangomba, kwa asiye wa huku, ni yule anayenunua korosho za mkulima mwenye njaa kabla ya msimu, kwa bei ya chini na kipimo cha kwake. Serikali ilimtangaza adui, na ndiyo maana wakulima wenye mzigo mkubwa walihakikiwa kabla ya kulipwa. Kila chombo kilimtaja. Sasa tafuta ni kipi kilimhoji, au kilimhoji mkulima aliyemuuzia na kumuuliza kwa nini aliuza. Chombo cha serikali kikimnyamazia utasema "nilijua". Chombo kinachomkosoa rais kikimnyamazia vilevile, hapo umepata kitu kipya: wote wawili wanaandika kutokea Dar es Salaam.

Aya ya ngapi ni muhimu kuliko wengi mnavyodhani. Sauti ya kupinga iliyowekwa aya ya kumi na nne ipo kwa ajili ya mhariri kujitetea. Wasomaji wengi wa mezani kwa muuza magazeti wanaishia kichwa cha habari.

Umefaulu kama jedwali lako lina angalau nafasi tatu zilizobaki tupu na unaweza kusema ni za nani.

## Hatua ya 7: Rudi baada ya miezi mitatu

Tangazo huandikwa na kila mtu. Matokeo huandikwa na wachache. Tafuta chombo kilekile kiliandika nini kuhusu jambo lilelile Februari ya mwaka uliofuata.

Kwenye korosho kulikuwa na mengi ya kurudia: malipo yaliyochukua miezi, uhakiki, maghala yaliyojaa, mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni ya Kenya uliosainiwa Januari 2019 kisha ukavunjika. Kichwa kikubwa cha Novemba na aya ndogo ya ukurasa wa ndani Mei: pima kwa rula, sentimita kwa sentimita. Kweli, chukua rula.

## Hatua ya 8: Badilisha rais, acha kitendo

Hili ndilo jaribio la mwisho na ndilo linalouma. Tafuta kitendo kinachofanana kilichofanywa na rais mwingine, uone kama chombo kimetumia maneno yaleyale.

Marekani hawakosi mifano. Barack Obama alipocheza gofu, waliokuwa upande wa pili walimwita mvivu wa kazi, na Trump mwenyewe alikuwa mmoja wa waliomsema sana. Trump alipoingia akacheza gofu pia. Kaa na kituo kimoja, mpira mmoja mdogo mweupe, marais wawili, uone nani kaitwa "yuko mapumzikoni" na nani kaitwa "ametelekeza kazi". Lifanye kwa vyombo vya pande zote mbili, maana wanaomsema Trump leo nao walikuwepo enzi za Obama.

Kwetu huku jaribio lipo, na ni zito kuliko gofu. Mei 2013, Rais akiwa Jakaya Kikwete, Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba la gesi, siku bajeti ya nishati ilipokuwa ikisomwa bungeni, na wanajeshi wakaletwa. Novemba 2018 wanajeshi wakaja tena, safari hii kwa korosho. Chukua chombo kimoja, misimu yote miwili. Mwananchi wa Mtwara anaitwaje mara ya kwanza na anaitwaje mara ya pili? "Wahuni", "waandamanaji", "wananchi wenye hasira", "wakulima wanyonge"? Mtu ni yuleyule, huenda hata baiskeli ni ileile. Fanya jaribio hili ukiwa umetulia, kwa sababu walioumia 2013 ni jirani zetu na kuna mambo utakayosoma yatakukera.

Onyo: vitendo viwili havifanani kamwe kwa asilimia mia. Andika kwanza tofauti zake halisi, kisha uzitoe kwenye hesabu.

## Hatua ya 9: Andika jibu, mpe mbishi wako

Jibu liwe aya moja kwa kila chombo, na kila dai lifuatwe na namba. Kwa mfano wa kutunga: "Chombo A kilimpa rais mistari 31 kati ya 40, mkulima hakuwemo, habari mbaya zote zilitumia kitenzi cha ngazi ya tatu, hakikurudi kwenye malipo." Neno "kibaraka" halina kazi hapa.

Halafu mpelekee yule mtu wa kura tofauti, mpe na magazeti yenyewe, ahesabu upya. Akikubaliana na namba zako hata kama anabisha maana yake, kazi imekwisha na imekwisha vizuri. Akikataa namba, kaeni mhesabu pamoja. Mara mbili nilipofanya hivyo aliyekosea alikuwa mimi: niliruka aya moja iliyokuwa upande wa pili wa tangazo la mbolea, na ndimo mkulima alimokuwa.

Jumamosi ijayo vijana wanaleta zoezi la tano. Nimewaambia atakayekuja na klipu ya WhatsApp atanunua kahawa na kashata za kijiwe kizima.